Klachi ya Mkono

Mthamini hakuligusa gari kwa kiganja. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu mlangoni, mara mbili kwenye boneti, kisha akatoa leso nyeupe akajifuta kidole hicho kimoja. Alikuwa amekuja na viatu vinavyong'aa kwenye ua uliojaa vumbi la chuma na vipande vya vitambaa, na tangu ashuke garini mwake alikuwa akitembea kwa ncha za miguu.

"Boneti hii si yake," alisema.

"Si yake," Fundi alikubali kwa fahari. "Ya kwanza ilikuwa fupi, injini haikuenea. Hii nimeikunja mwenyewe kwa bati la pipa. Pima ukitaka, kushoto na kulia hazipishani hata unene wa ukucha."

"Na injini?"

"Ya pikapu. Ile ya kwanza ilikuwa haipandi mlima."

"Taa?"

"Za trekta."

"Bampa?"

"Fremu ya kitanda cha hospitali," alidakia mke wa Fundi kutoka barazani, bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Walikuwa wanavitupa."

Mthamini aliandika kila jibu kwenye karatasi iliyobanwa ubaoni, na kila alipoandika alitikisa kichwa kwa huzuni ya kukodi.

Mtaani, mwenye gari hilo aliitwa Fundi Bati, kwa sababu hapakuwa na bati aliloliambia likunjike likakataa. Mkewe alishona sare za shule, na binti yao wa pekee alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala. Ni binti aliyelipiga gari picha akaziweka kwenye ukurasa wa wapenda magari ya kale, na siku ya tatu Mthamini akapiga simu. Hawakuwa wanauza kwa kupenda. Jicho la kulia la Fundi lilikuwa limeshazima kwa presha ya macho, na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari hakuwaficha: kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa upasuaji, ilimradi ufanyike kabla mwezi haujaisha. Gharama yake ilikuwa milioni mbili. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine ambacho kingezaa milioni mbili, hata wangeuza na mabati ya paa.

Mthamini aliingia kwenye kiti cha dereva, akatandika leso kwanza.

"Na kidubwasha hiki?"

Uso wa Fundi ulichangamka. "Hiyo ni klachi. Mke wangu mguu wa kushoto hauna nguvu tangu utotoni, hawezi kukanyaga pedali. Nikaihamishia mkononi. Hapo unaposhika ni mkono wa breki ya baiskeli, waya ni wa pikipiki, lakini vile vigurudumu waya unavyopitia nimevichonga mwenyewe kimoja kimoja. Unabana kwa vidole, unaingiza gia kwa mkono huohuo. Ana mwaka wa ishirini na sita anaendesha, hajagonga hata kuku."

"Kuku mmoja," mkewe alisahihisha. "Na alikuwa na makosa yeye."

Mthamini hakucheka wala hakuandika. Alitoa simu akaupiga picha ule mkono wa klachi kwa juu, akainama akaupiga kwa chini, akaufuata waya wake mpaka ulikopotelea sakafuni. Akaenda nyuma, ambako Fundi alikuwa amekata buti akaweka mlango mrefu wa kufungua juu, ili cherehani iingie imesimama. Akaupiga picha na huo. Alipomaliza alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kutoa taarifa ya msiba.

"Mzee wangu, nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa au nikwambie ukweli?"

"Niambie ukweli."

"Gari la kale thamani yake ni uasili. Mkusanyaji anataka gari kama lilivyotoka kiwandani, skrubu kwa skrubu. Wewe kila ulipogusa, umetoa pesa. Ulipoweka injini ya pikapu, umetoa pesa. Ulipokata buti, umetoa pesa. Hicho kidubwasha cha baiskeli ndiyo kabisa. Hapa huna gari la kale, mzee. Una vyuma chakavu vilivyopakwa rangi."

Cherehani ilinyamaza. Fundi alisimama ameshika kofia yake, akaitazama boneti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaionea aibu.

"Laki sita," Mthamini alisema. "Na hapo nimewaonea huruma kwa sababu ya hayo macho."

"Na lingekuwa la asili?"

"Milioni nane. Hata tisa. Lakini ndiyo hivyo, limeshaharibiwa." Alimpa binti kadi yake. "Fikirieni. Mkiwa tayari mnipigie."

Gari lake lilipopinda kona, binti alimgeukia baba yake. "Baba, yule mtu kaupiga mkono wa klachi picha kumi na moja. Nimehesabu. Nani anapiga picha vyuma chakavu?"

"Ni utaratibu wa kazi yake, mwanangu."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa ambalo tapeli asingelifanya. Miaka yote ya kazi yake Fundi Bati aliishi kwa kusikiliza mteja. Mteja anasema mlango haufungi, yeye anaufanya ufunge. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu anayejua kazi anaweza kudanganya kuhusu kazi yenyewe. Mwingine angesikia tusi, au angesikia mbinu ya kushusha bei. Yeye alisikia agizo.

*

"Kila kitu ninacho," alisema jioni hiyo walipokuwa wakila. "Sijatupa kitu. Injini yake iko stoo, nimeifunga kwa gunia lenye grisi. Bampa liko juu ya dari. Boneti ipo. Pedali ya klachi ipo, iko kwenye debe la misumari."

"Na mfuniko wa buti?" binti aliuliza.

"Huo ndio mlango wa banda la kuku."

Walicheka, kisha kila mmoja akaangalia sahani yake. Mkewe ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Ukirudisha pedali ya mguu, mimi nitaendeshaje?"

"Hutaendesha. Tutakuwa tumeliuza."

"Najua tutakuwa tumeliuza. Nauliza hizo wiki unazolitengeneza. Nina sare za shule mbili za kupeleka, na mahali pa kununulia vitambaa unapajua palivyo mbali."

"Wiki mbili tu, mke wangu. Mbili na nusu."

"Na utaona nini, kwa hilo jicho moja? Juzi umemimina chai pembeni ya kikombe."

"Injini nitaijua hata nikifumba macho."

Mkewe alianza kukusanya sahani. Alikuwa mwanamke ambaye kabla ya gari lile watu walimsaidia kupanda na kushuka kama mzigo, na wengine walimsaidia huku wakimsema. Siku aliyobana ule mkono kwa vidole na gari likaondoka, alizunguka mtaa mara nne, akakataa kushuka. Sasa alikuwa anaambiwa uhuru ule ndio uliowatia umaskini.

"Yule bwana ana uhakika?" aliuliza.

"Ana cheti. Umekiona kwenye kadi."

"Haya," alisema. "Macho ni yetu wote. Toa."

Asubuhi yake binti alipiga simu kumwarifu Mthamini kwamba wanalirudisha gari katika uasili wake. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga mara sita siku hiyo, nne siku iliyofuata. Mthamini alikuwa anaiona namba na kutabasamu. Huo ulikuwa mtindo wake: ukishamtajia maskini bei, unamwacha aive. Baada ya wiki tatu za kimya, laki sita huanza kuonekana kama bahati. Akampigia mtu mwingine, akamwambia gari limepatikana na mwenyewe yuko mfukoni.

*

Kazi ilianzia nyuma. Fundi alikata mlango mrefu kwa msumeno wa chuma, akaulaza kando ya ukuta, akaenda kuung'oa mfuniko wa buti kwenye banda. Kuku walitawanyika uani, na jirani wa upande wa pili akapiga kelele kwamba watamlia mboga. Mfuniko ulikuwa umechakaa pembeni, akauviringisha upya kwa nyundo ya mbao, akiupapasa kila mara kwa kidole gumba kutafuta uvimbe. Kidole kilimwambia ambacho jicho halikumwambia tena. Hata hivyo alijichoma mara mbili, na mara moja alichomelea upande usio wake ikabidi akate arudie.

Mkewe alikodi mkokoteni kupeleka sare. Mwenye mkokoteni alitaka alipwe kwanza, kisha akaenda kwa kasi yake, mke wa Fundi akawa nyuma na fimbo yake akimwita asubiri. Walifika shule ya kwanza saa sita badala ya saa mbili. Karani wa shule alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mama, tulikubaliana asubuhi."

"Samahani, mwanangu. Gari liko kwa fundi."

"Si mume wako ndiye fundi?" Karani alicheka, akawatazama walimu wawili waliokuwa pale ili wacheke naye. "Muhula ujao tutaangalia mtu mwenye usafiri."

Aliporudi hakumwambia mumewe. Alikaa barazani akasugua goti, na mumewe akamuuliza mbona amechelewa, akasema foleni ilikuwa ndefu.

Siku ya kutoa klachi, Fundi alizunguka gari tangu asubuhi akifanya mambo yasiyo na haraka. Alipaka grisi bawaba. Alikaza magurudumu yaliyokwisha kukazwa. Mwishowe mkewe aliweka kitambaa chini, akajivuta mpaka kwenye gari, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote.

"Nipe spana."

"Acha, nitafanya mimi."

"Utafanya lini? Nipe spana."

Alifungua skrubu zote nne mwenyewe. Mkono wa breki ya baiskeli ulikuwa umelika pale vidole vyake vilipozoea kukaa. Alimkabidhi mumewe bila kuutazama, akashuka, akarudi kwenye cherehani yake na kushona suruali tatu mfululizo. Suruali ya pili aliishona mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, akaifumua.

Siku ya kumi na tisa gari lilikuwa limesimama uani likiwa na boneti fupi, taa ndogo na bampa jembamba, limepakwa rangi ileile ya kiwandani iliyofifia. Fundi aliliwasha. Lilikohoa, likaitikia. Alilia kidogo, akasingizia moshi.

*

Mthamini alikuja na bahasha yenye laki sita, na uso wa mtu anayekuja kuokoa watu. Aliliacha gari lake pembeni ya barabara na kuingia uani kwa miguu, maneno ya huruma yakiwa tayari mdomoni. Akaliona gari. Bahasha ikamshuka mkononi.

"Liko wapi?"

"Ndilo hili," Fundi alisema, akaenda kulishika begani. "Nimelirudisha. Injini yake, bampa lake, klachi yake ya mguu. Skrubu kwa skrubu, kama ulivyosema."

"Liko wapi lile lingine?"

"Lingine lipi? Gari ni moja."

Mthamini alizunguka mbio, safari hii bila kujali viatu. Alifungua buti, akalifunga, akachungulia kwenye kiti cha dereva. Alipotokeza tena, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Mmefanya nini? Nani kawaambia mguse? Nani kawaambia?"

"Wewe," alisema mke wa Fundi.

"Mimi?"

"Ulisema kila alipogusa alitoa pesa. Ulisema milioni nane likiwa la asili. Tulikuwa watatu, tumekusikia."

"Yale yalikuwa maneno ya biashara!"

"Biashara ndiyo nini? Ulisema ukweli au hukusema?"

"Tulikupigia simu mara kumi," binti alisema. "Hukupokea hata moja."

Wakati huohuo lango la bati lililia, akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa miwani mikubwa, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa ameachwa garini asubiri kuitwa mambo yakiwa tayari, akachoka na joto. Aliwasalimu watu kwa adabu, akajitambulisha kwamba anakusanya magari, kisha akamuuliza Mthamini, "Gari letu liko wapi?"

Macho yake yalitembea uani mpaka ukutani, yakakuta ule mlango mrefu umelazwa, boneti ya pipa, taa za trekta, na juu ya gunia, mkono wa klachi na waya wake umeviringishwa. Alipiga magoti palepale vumbini na suruali yake ya bei, akauokota kwa mikono miwili.

"Mmelibomoa," alisema taratibu. "Kwa nini mmelibomoa?"

"Ili liwe la asili," Fundi alijibu.

"La asili la nini? Magari ya asili ya aina hii ninayo mawili, nayo yananitosha. Kiwanda kilitoa maelfu. Hili lilikuwa moja tu duniani. Mtu amelibadilisha kila mahali kwa ajili ya mguu wa mke wake! Nimelitafuta gari la namna hii miaka mingi. Nilimwambia huyu bwana, nitatoa milioni thelathini bila kubishana."

Kuna matusi ambayo mtu hutukanwa kwa kusifiwa. Milioni thelathini. Walikuwapo mume, mke na binti pale, na wote watatu walikuwa wanapiga hesabu moja: macho mawili, hata kumi, na chenji ikabaki. Mtu huyu mwenye leso nyeupe alijua siku ile ile aliyoligonga kwa kidole. Alikiita kidubwasha kitu alichotaka kukiuza kwa bei ya nyumba, akamtazama kipofu mtarajiwa usoni, akamwambia amemwonea huruma. Na kama Fundi angekuwa mvivu kidogo, au mwongo kidogo, angebaki na gari lake.

"Narudisha," Fundi alisema ghafla. "Mama, narudisha kila kitu. Vyote viko hapa, hakuna nilichotupa. Nipe wiki tatu."

Mkusanyaji aliutazama mkono wa klachi, akautazama na uso wa Fundi. Alikuwa na huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomfanya mke wa Fundi ashindwe kumchukia vizuri.

"Mzee, haitakuwa ileile. Ukishaifungua na kuifunga upya, inakuwa nakala. Wanunuzi wenzangu wakijua hawataikubali, na mimi siwezi kuficha."

"Nakala ya nini?" Mke wa Fundi alisimama, akaiacha fimbo chini. "Mikono si ni hiihii? Mume si ni huyuhuyu? Mguu si ni huu? Alipofanya mara ya kwanza ni kazi ya ajabu, akifanya mara ya pili ni nakala? Basi hata mimi jana nilikuwa mtu, leo ni nakala!"

"Mama, ndivyo soko lilivyo."

"Hilo soko ni akina nani? Si nyinyi wenyewe?"

Mkusanyaji aliurudisha mkono wa klachi juu ya gunia. Alifungua mkoba, akatoa noti, akazikunja. "Kwa usumbufu," alisema. Ilikuwa laki moja. Mke wa Fundi alitaka kuzitupa, na katika nafsi yake alishazitupa, lakini mkono wake ulikumbuka nauli ya hospitali ukazipokea. Alisema asante. Neno hilo lilimchoma koo wiki nzima.

Mthamini alisubiri mpaka mwanamke atoke langoni. Kisha akarudi hatua tatu, akasema kwa sauti ya chini, "Laki tatu kwa hivyo vilivyotolewa. Mlango, taa na hicho kidubwasha. Nina bodi ya gari kama hili mahali, naweza kuvifunga humo."

Fundi alikuwa mpole mno kwa neno lililohitajika pale. Mkewe hakuwa mpole kiasi hicho, akalisema yeye, na jirani aliyelalamikia kuku alilisikia toka upande wa pili akapiga makofi.

*

Walihangaika siku zilizobaki kama watu wanaookoa vyombo nyumba ikiungua. Gari la asili la Fundi walilitangaza, wakaja watu wawili. Wa kwanza alisema limekatwa na kuungwa, wa pili alisema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Tajiri wa binti alikataa kumpa mshahara wa mbele kwa sababu, alisema, akimpa mmoja watataka wote. Hospitalini waliandikishwa kwenye orodha ya wasioweza kulipa. Mhudumu aliyekuwa akiandika hakuinua kichwa.

"Mtaitwa."

"Lini, dada?"

"Zamu yenu ikifika. Mbele yenu wako mia moja na arobaini."

"Daktari alisema kabla mwezi haujaisha."

"Kila mmoja humu daktari alimwambia hivyo."

Mwezi uliisha siku ya Jumanne. Hakuna kilicholia wala kuvunjika. Baada ya wiki chache Fundi aliuliza kama kuna ukungu nje, na binti akatoka kuangalia, akarudi akasema ndiyo, upo. Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka. Fundi alijua kwamba anadanganywa, na binti alijua kwamba anajua, na chakula kilipoa mezani.

Zamu yao ilifika mwezi wa tatu wa kungoja. Daktari alimulika jicho, akazima tochi, akasema wangekuja mapema.

*

"Lete ile klachi," mke wa Fundi alisema siku moja asubuhi. "Shule imenipa muhula mmoja wa majaribio."

"Siwezi kuona hata skrubu."

"Nani kakwambia uone? Wewe sema, mimi nifanye."

Ilimchukua wiki tano. Fundi alikaa kwenye kigoda kando ya gari, akishika kila kipande kwanza, akikizungusha kwenye vidole na kutaja kinakoelekea. Mkewe alilala chali chini ya sakafu ya gari, mguu mbovu umenyooshwa nje, binti akiwapa zana jioni akitoka kazini. Aliungua, alitukana, alipachika waya kinyume wakaanza upya. Fundi alimfundisha kuchomelea kwa kusikiliza: moto ukitoa mlio wa kukaanga ni sawa, ukipasuka umesogea mbali. Weldi zake zilikuwa mbaya, zimevimba kama vidonda. Mumewe alizipapasa akasema zitashika. Siku gari liliporudi kuwa lao, alizunguka mtaa mara moja tu, kwa sababu petroli ilikuwa ghali, na mumewe alikaa pembeni yake akiuliza kila kona wamefika wapi.

Ndipo akanunua kopo la rangi nyeupe na brashi ya nusu inchi. Aliandika kwenye milango yote miwili, herufi kubwa kiasi cha kiganja: MUME WANGU ALITENGENEZA GARI HILI. MTHAMINI ALISEMA NI VYUMA CHAKAVU. ALITAKA KULIUZA MILIONI THELATHINI. Chini yake akaandika mtaa na namba ya ofisi, kama zilivyokuwa kwenye kadi.

Hakwenda kwa askari, kwa sababu askari wangeuliza mkataba uko wapi. Kila Alhamisi, baada ya kupeleka sare, alikwenda kuegesha mbele ya ofisi ya Mthamini, kwenye barabara pana yenye majengo ya vioo, akalipia maegesho yake na kuweka risiti kwenye kioo. Walikaa humo kwa saa mbili, yeye akipindisha kingo za mashati kwa mkono, Fundi akisikiliza watu wanaosimama kusoma. Wengine walisoma kwa sauti. Mmoja aliuliza kama ni kweli. Wateja wawili walisoma, wakatazamana, hawakuingia.

Alhamisi ya nne Mthamini alitoka mwenyewe. Hakugonga. Aliinama dirishani upande wa Fundi, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mzee, mnaniharibia jina."

"Sisi?" Fundi alisema. "Hatujaligusa jina lako. Halijaandikwa."

"Namba imeandikwa. Tuyamalize kiutu uzima. Nitawapa milioni mbili. Leo hii, taslimu. Mfute tu."

Mke wa Fundi aliacha kushona. Usije ukadhani milioni mbili ni kitu cha kupuuza. Alikuwa na kodi, alikuwa na furushi la sare ambazo vitambaa vyake hajalipia, na kwa dakika nzima aliziona noti hizo zimepangwa mapajani mwake. Kisha akahesabu miezi kwa vidole. Miezi minane iliyopita fedha hizo zilikuwa jicho. Mtu huyu alikuwa nazo siku ile, mfukoni, na anazitoa leo kwa ajili ya mlango wa gari. Alimgeukia mumewe, kwa sababu jicho lilikuwa lake.

Fundi alikuwa ametoa mkono nje ya dirisha, anaupitisha kwenye mlango, anazitafuta herufi kwa vidole.

"Mke wangu, zimenyooka hizi?"

"Hazijanyooka. Mstari wa kwanza umepanda, wa chini umebanwa. Nilikuwa naandika nimekaa."

"Nilihisi. Nimeaibika, watu wote hawa wanasoma kazi imepinda." Alimwelekezea Mthamini uso, kidogo pembeni ya pale alipokuwa. "Tutazifuta, bwana. Kesho."

Mthamini alishusha pumzi, mkono ukaenda mfukoni.

"Tuzifute," Fundi alisema, "tupige mstari kwa uzi, tuandike upya. Alhamisi ijayo utaziona zimenyooka."

Mkewe alibana klachi, akaingiza gia, wakaondoka.